William Miller: Alikosea Tarehe, Hakupoteza Tumaini

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 78:5–8; Isaya 53; Danieli 8:14; Ezekieli 33:1–9; Mathayo 24:36–44; Luka 24:13–32; Waebrania 10:35–39; Ufunuo 10:8–11.

Fungu la Kukariri: Waebrania 10:37. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na watu wa nyumbani mwako.

Siku ya Jumanne, Oktoba 22, 1844, maelfu ya Wakristo wa Marekani walikuwa wakimngoja Bwana. Baadhi yao walikuwa wamefunga maduka. Wengine waliacha viazi shambani bila kuvichimba, kwa kuwa hawakuona haja ya kuweka akiba ya majira ya baridi wasiyotarajia kuyaona. Walikuwa wamelipa madeni, wamepatana na jirani zao na kuziungama dhambi zao. Jua likatua. Usiku wa manane ukapita. Asubuhi ya Jumatano ng'ombe walihitaji kukamuliwa kama siku zote, na majirani wenye dhihaka wakaanza kuwauliza mbona bado wapo.

Katika kijiji cha Low Hampton, jimbo la New York, alikuwapo mkulima mwenye umri wa miaka 62 aliyekuwa na sababu ya kuumia kuliko wengi. Jina lake ni William Miller. Yeye ndiye aliyeanza kuutangaza ujumbe huo, na kwa miaka 13 alikuwa ameuhubiri. Sasa jina lake lilikuwa mzaha midomoni mwa watu.

Waadventista Wasabato wengi wanamjua Miller kwa hesabu yake ya siku 2300. Lakini maisha yake yana fundisho jingine lisilosimuliwa sana: jinsi alivyoishi miaka mitano baada ya kukatishwa tamaa. Hakudai kwamba hakukosea, wala hakusema kwamba tumaini lenyewe lilikuwa uongo. Kanisa linalongoja siku za mwisho linahitaji kuyajua yote mawili, yaani kuungama kosa na kulishika tumaini.

JUMAPILI
Mwana wa Maombi

Soma Zaburi 78:5–8. Wazazi wanapewa wajibu gani kwa watoto ambao bado hawajazaliwa?

William Miller alizaliwa Februari 15, 1782, huko Pittsfield, jimbo la Massachusetts, akiwa mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto 16. Alipokuwa na umri wa miaka 4, wazazi wake walihamia Low Hampton, karibu na mpaka wa jimbo la Vermont. Baba yake alikuwa amepigana katika vita vya uhuru wa Marekani. Mama yake, Paulina, alikuwa binti wa mhubiri wa Kibaptisti, naye ndiye aliyemfundisha kusoma.

Nchi ile ilikuwa bado msitu, na mtoto wa kwanza alikuwa mkono wa kulia wa baba yake shambani. Shule ilifunguliwa miezi michache tu wakati wa baridi. William alikuwa na kiu ya vitabu. Usiku, wengine wakisha kulala, aliinuka taratibu na kuchoma vipande vya msonobari mekoni ili asome kwa mwanga wake.

Mwaka 1803 alimwoa Lucy Smith, wakaenda kuishi Poultney, katika jimbo la Vermont. Mji ulikuwa na maktaba na watu waliopenda kusoma, naye akawa rafiki yao. Wengi wao walikuwa wadeisti. Hao huamini kwamba Mungu yupo na aliuumba ulimwengu, lakini baada ya hapo aliuacha ujiendeshe kama saa iliyotiwa ufunguo. Kwao, Mungu hasikii maombi, wala Biblia si neno lake. Miller alisoma maandishi ya Voltaire, Hume na Paine, na imani ya nyumbani kwao ikamtoka. Alikaa katika hali hiyo kwa miaka kama 12.

Hakuiacha imani kimyakimya. Babu yake mzaa mama na baba yake mdogo walikuwa wahubiri, naye aliwaiga namna yao ya kuhubiri na kuomba ili marafiki zake wacheke. Habari hizo zilimchoma mama yake moyoni. Paulina aliendelea kumwombea, na mzee aliyekuwa akichekwa akaendelea kumwombea vilevile.

Mwaka 1812 vita vilizuka kati ya Marekani na Uingereza, na Miller akaenda vitani, akapanda cheo hata akawa kapteni. Septemba 11, 1814, alikuwa Plattsburgh, kando ya Ziwa Champlain, jeshi kubwa la Waingereza liliposhambulia. Kombora lilipasuka karibu kabisa naye. Watu waliokuwa kando yake waliumia na kufa, lakini yeye hakupata hata mkwaruzo. Siku hiyo upande uliokuwa dhaifu ndio ulioshinda. Kapteni yule alirudi nyumbani na swali ambalo vitabu vyake havikuweza kulijibu: kama Mungu hajishughulishi na wanadamu, ni nani aliyewashindia?

Kulikuwa na swali zito zaidi. Alikuwa amewazika askari wenzake, na mwishoni mwa mwaka 1812 alikuwa amempoteza baba yake. Udeisti haukuwa na neno lolote la kumwambia mtu aliyesimama kando ya kaburi.

Tafakari: Je, yuko mtu wa nyumbani mwako anayeidhihaki imani? Maombi ya Paulina yanakufundisha nini kuhusu kutokata tamaa juu yake?

JUMATATU
Fungu kwa Fungu

Soma Isaya 53. Ni mambo gani katika sura hii yangeweza kumgusa mtu aliyeamini kwamba Mungu yuko mbali na wanadamu?

Mwaka 1815 Miller alirudi Low Hampton, akajenga nyumba karibu na mama yake na kuanza kulima. Alikwenda kanisani mchungaji alipokuwapo. Asipokuwapo, mashemasi walisoma hubiri lililochapwa, na Miller alibaki nyumbani. Mama yake alipomuuliza sababu, alijibu kwamba mashemasi hawajui kusoma vizuri, na kwamba kama yeye angesoma, angehudhuria. Mashemasi waliposikia hayo, wakamkabidhi kazi hiyo. Hivyo mtu asiyeiamini Biblia akawa anawasomea waumini mahubiri!

Siku moja ya Jumapili mnamo Septemba 1816, akiwa anasoma mbele ya kusanyiko, maneno yalimshinda. Koo lilikaza, machozi yakamjia, akalazimika kuketi. Katika siku hizo alianza kumwona Mwokozi aliyeelezwa na Isaya, mwenye huruma ya kutosha kubeba dhambi za mwingine. Moyo wake ulimtamani Mwokozi huyo. Lakini akili yake iliuliza: nitajuaje kwamba yupo kweli? Akaona kwamba nje ya Biblia hakuna ushahidi wa kutosha, na ndani ya Biblia yumo waziwazi. Akamwamini.

Rafiki zake wa zamani hawakumwacha. Walimtupia hoja zilezile alizokuwa akizitumia yeye juu ya mambo yaonekanayo kupingana katika Biblia. Miller aliwaomba wampe muda. Alijua kwamba kama Biblia ni neno la Mungu, basi itapatana yenyewe kwa yenyewe.

Akaweka kando vitabu vya wafafanuzi. Alibaki na Biblia, marejeo yaliyo pembeni mwa kurasa zake, na itifaki ya Cruden. Alianza Mwanzo sura ya kwanza, akisoma fungu kwa fungu, wala hakwenda mbele mpaka ameelewa. Alipokutana na neno gumu, alitafuta mahali pengine pote neno hilo linapopatikana, akayalinganisha. Kwa miaka miwili mkulima huyu aligawa muda wake kati ya mashamba na Maandiko, na nyakati nyingine usiku kucha ulipita akiwa mezani.

Ndipo alipofika katika Danieli 8:14. Kwa kulinganisha Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, aliona kwamba siku ya unabii ni mwaka mmoja. Kwa kulinganisha Danieli 9 na Ezra 7, aliona kwamba miaka 2300 ilianza mwaka 457 K.K., kwa amri ya mfalme Artashasta. Hesabu ilimfikisha karibu na mwaka 1843. Baadaye wengine waligundua kwamba kwa kuwa hakuna mwaka wa sifuri kati ya K.K. na B.K., miaka hiyo 2300 inafika mwaka 1844.

Juu ya kutakaswa kwa patakatifu, Miller alichukua wazo lililokuwa la kawaida kati ya Waprotestanti wa wakati wake, kwamba patakatifu ni dunia hii. Kwa hiyo aliona kutakaswa kwake kuwa ni kutakaswa kwa moto Kristo ajapo. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Alichunguza kila tarakimu, lakini jambo hili moja alilipokea jinsi alivyolikuta.

Tafakari: Ni mafundisho gani unayoyaamini kwa sababu tu umeyasikia tangu utotoni? Utayachunguzaje kwa njia aliyoitumia Miller?

JUMANNE
Mlinzi Aliyenyamaza

Soma Ezekieli 33:1–9. Mlinzi anadaiwa nini anapouona upanga ukija?

Ilipofika mwaka 1818, Miller alikuwa amefikia uamuzi uliomfurahisha na kumtisha kwa pamoja: miaka kama 25 ilikuwa imebaki. Alifurahi kwa sababu Mwokozi aliyempenda alikuwa karibu. Aliogopa kwa sababu jirani zake hawakujua.

Hakukimbilia mimbarani. Kwanza alitumia miaka mingine kama mitano kuzipima pingamizi zote alizoweza kuzifikiri, pamoja na zile ambazo hakuna mtu aliyekuwa amemletea. Hata aliporidhika, alizungumza faraghani tu na jirani au kwa barua na rafiki, akitumaini kwamba mchungaji fulani angelichukua jambo hilo na kulitangaza. Wengi walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Dhamiri haikumpa pumziko. Fungu la Ezekieli juu ya mlinzi lilimfuata shambani na kitandani. Alijitetea mbele za Mungu kwamba yeye si msemaji, hana elimu ya uchungaji na ni mwoga mbele za watu. Musa na Yeremia nao waliwahi kujitetea hivyo.

Asubuhi moja ya Agosti 1831, siku ya Jumamosi, alikuwa mezani akisoma, na mzigo ule ukamlemea kuliko wakati wowote. Ili apate amani, alifanya agano na Mungu kwamba akialikwa na mtu kwenda kusema, atakwenda. Akatulia, maana katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwalika. Haikupita hata nusu saa mlango ukabishwa. Alikuwa mpwa wake, Irving Guilford, kijana aliyetoka Dresden, umbali wa maili kama 16. Baba yake alikuwa amemtuma kusema kwamba mhubiri wao hatakuwapo kesho, nao wanamwomba Mjomba William aje awaeleze habari za marejeo ya Kristo.

Miller alikasirika, si kwa kijana, bali kwa ajili ya agano lake mwenyewe. Alitoka nje bila kumjibu, akaenda kwenye kichaka cha miti karibu na nyumba, akapiga magoti na kushindana na Mungu. Alimwomba amwachilie ahadi ile, lakini hakuachiliwa. Aliyeingia kichakani alikuwa mkulima. Aliyetoka alikuwa mhubiri. Alipokwisha kula chakula cha mchana alifuatana na kijana yule.

Kesho yake, akiwa na umri wa miaka 49, alisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza kuuelezea unabii wa Danieli. Mara alipoanza kusema, woga ulimtoka. Watu walimwomba abaki, akabaki juma zima. Katika familia 13 za mahali pale, karibu kila mtu alimgeukia Bwana. Aliporudi nyumbani alikuta barua ya mwaliko kutoka mahali pengine. Tangu siku hiyo mialiko ilizidi nguvu zake.

Mwaka 1833 Wabaptisti walimpa kibali cha kuhubiri. Alisafiri kutoka kijiji hadi kijiji, mara nyingi kwa gharama yake mwenyewe. Walioamini hawakuongezewa hofu tu. Walevi waliacha pombe, wacheza kamari waliacha kamari, na nyumba zilizofarakana zilipatana.

Tafakari: Ni ahadi gani uliyompa Mungu ukidhani hataidai? Ni nani anayengoja ukamwambie kile unachokijua?

JUMATANO
Kitabu Kitamu Kinywani

Soma Ufunuo 10:8–11. Yohana aliambiwa nini kuhusu kitabu alichokila, na ni kazi gani iliyofuata?

Kwa miaka minane Miller alihubiri hasa katika miji midogo na vijiji. Mwishoni mwa 1839 alikutana na Joshua V. Himes, mchungaji kijana wa Boston mwenye bidii na kipawa cha kupanga kazi. Himes alisikia mahubiri yake, akamuuliza kwa nini, kama anaamini hayo kweli, ujumbe haujafika katika miji mikubwa. Miller alieleza kwamba yeye ni mzee, yuko peke yake, na huenda tu anakoalikwa. Himes akajitoa kumsaidia.

Mwaka 1840 Himes alianzisha gazeti la Signs of the Times huko Boston. Chati kubwa zenye michoro ya wanyama wa Danieli na Ufunuo ziliandaliwa. Kuanzia 1842 mikutano ya makambi ilifanyika sehemu nyingi, na hema kubwa lilishonwa kwa ajili ya miji isiyokuwa na ukumbi wa kutosha. Huko Portland, jimbo la Maine, mwezi Machi 1840, binti wa miaka 12 aitwaye Ellen Harmon aliketi kati ya wasikilizaji wa Miller, na moyo wake ukaguswa. Baadaye alijulikana kama Ellen White. Waliopokea ujumbe wanakadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 100,000, kutoka karibu kila kanisa la Kiprotestanti.

Miller mwenyewe alisita kutaja siku. Kwa muda mrefu alisema tu karibu na mwaka 1843. Aliposhurutishwa, mwanzoni mwa 1843 alieleza kwamba anautarajia ujio kati ya Machi 21, 1843 na Machi 21, 1844, akiufuata mwaka wa Kiyahudi. Sehemu kubwa ya 1843 aliugua, akisumbuliwa na majipu yaliyomwacha dhaifu. Machi 1844 ikapita. Mwezi Mei, mbele ya waumini waliokusanyika Boston, alikiri waziwazi kwamba amekosea katika hesabu ya wakati, ingawa bado aliamini kwamba siku ya Bwana i karibu.

Agosti mwaka huo, katika makambi ya Exeter, jimbo la New Hampshire, Samuel Snow alieleza kwamba Siku ya Upatanisho ya Kiyahudi, siku ya kumi ya mwezi wa saba, ingeangukia Oktoba 22. Ujumbe huo ulienea kama moto katika nyasi kavu. Ulikuja kuitwa kilio cha usiku wa manane, kutokana na mfano wa wanawali kumi. Miller alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwisho kuupokea. Ni mwanzoni mwa Oktoba tu, zikiwa zimebaki kama majuma mawili, alipoukubali. Mara hii alikubali kwa moyo wote.

Siku yenyewe aliingoja nyumbani kwake pamoja na waumini wa jirani. Nyuma ya nyumba kuna mwamba mpana unaotazama bonde, na kwa mapokeo ya mahali hapo ndipo walipokusanyika. Bwana hakuja. Kitabu kilichokuwa kitamu kinywani kikawa kichungu tumboni.

Tafakari: Linganisha hali ya waumini hao na wanafunzi wawili wa Emau katika Luka 24:13–21. Ni jambo gani walilokuwa na hakika nalo, na ni jambo gani walilokuwa hawajalielewa?

ALHAMISI
Kuishi Baada ya Tarehe Kupita

Soma Waebrania 10:35–39. Kwa nini mwandishi anaunganisha ujio wa Bwana na saburi?

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu. Mahali kadhaa makundi ya wahuni yaliharibu nyumba za ibada za waumini. Magazeti yalisambaza hadithi kwamba Wamiller walivaa kanzu nyeupe za kupaa, jambo ambalo halijathibitishwa. Wengine waliitupa Biblia kabisa. Wengine walianza kuweka tarehe mpya, na kila ilipopita waliweka nyingine. Wengine walidai kwamba Kristo amekuja kiroho mioyoni mwao, wakaangukia katika mambo ya ushupavu.

Miller hakuifuata njia hata moja kati ya hizo. Mnamo Novemba 1844 alimwandikia Himes barua. Alimweleza kwamba ingawa amekatishwa tamaa mara mbili, hajavunjika moyo, na tumaini lake katika ujio wa Kristo ni imara kama zamani. Alisema kwamba sasa amejiwekea wakati mwingine ambao ana nia ya kusimama nao: wakati huo ni leo, na kesho ni leo tena, mpaka Bwana aje.

Hapo ndipo ukomavu wake ulipoonekana. Alikuwa ametambua kwamba tumaini la Mkristo halikuegemezwa juu ya tarehe, bali juu ya Yeye ajaye. Tarehe ikivunjika, mtu aliyeipenda tarehe huvunjika nayo. Aliyempenda Bwana hulia, kisha huendelea kungoja.

Hakuficha kosa lake. Mwaka 1845 aliandika kijitabu cha kujieleza na kujitetea, akaonyesha jinsi alivyoifikia imani yake na kukiri kwamba alikosea juu ya wakati. Hakutaka mtu yeyote asome maandishi yake ya zamani kana kwamba hayakuwa na dosari. Aliwaonya waumini juu ya ushupavu na kuwasihi wapendane. Mapema mwaka huohuo kanisa la Baptisti la Low Hampton, alimosoma mahubiri na kumpata Mwokozi, lilimtenga. Aliondoka bila matukano.

Wakati huohuo jibu la fumbo lilikuwa limeanza kupatikana mahali pengine. Asubuhi ya Oktoba 23, 1844, mkulima mwingine, Hiram Edson wa Port Gibson katika jimbo la New York, alikuwa akipita katika shamba la mahindi baada ya usiku wa machozi na maombi. Alielewa kwamba Kuhani Mkuu hakutoka katika patakatifu kuja duniani, bali aliingia awamu ya pili ya huduma yake katika patakatifu pa mbinguni. Yeye na wenzake walijifunza kitabu cha Waebrania, na O. R. L. Crosier akayaandika waliyoyapata. Hesabu ya Miller ilikuwa sahihi. Tukio ndilo alilolikosea. Kutoka katika kundi dogo lililoipokea nuru hiyo, pamoja na ile ya Sabato, Kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa mwaka 1863.

Miller mwenyewe hakuipokea nuru hiyo. Alikuwa amechoka na mgonjwa, na waliokuwa karibu naye waliipinga. Kama Musa, aliwaongoza watu mpaka mpakani, naye hakuvuka. Historia hii haipaswi kufichwa. Mungu hutumia watu wasiojua yote, naye huwapa waliokuja nyuma wajibu wa kuendelea kujifunza pasipo kuwadharau waliotangulia.

Tafakari: Vita inapozuka au ugonjwa unapoenea, simu hujaa ujumbe wa watu wanaodai kuujua mwaka wa mwisho. Kwa kuzingatia Mathayo 24:36–44, utamjibuje mshiriki mchanga anayekuletea ujumbe kama huo?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mwaka 1848 Miller na waumini wenzake walijenga kanisa dogo la mbao kando ya nyumba yake, ili wale waliokuwa wametengwa wapate mahali pa kuabudu. Mwaka huohuo macho yake yalififia hata asiweze tena kusoma. Mtu aliyekuwa ameilinganisha Biblia fungu kwa fungu sasa alisomewa na wengine. Lakini Maandiko aliyoyaweka moyoni wakati wa ujana na utu uzima hayakuhitaji macho.

Mwezi Desemba 1849 Himes alipata habari kwamba mzee anakaribia mwisho, akasafiri kwenda kumwona. Miller alimtambua kwa sauti. Desemba 20 alilala katika Bwana, akiwa na umri wa miaka 67, akizungukwa na mke wake Lucy na jamaa yake. Alizikwa katika makaburi ya Low Hampton, si mbali na shamba lake. Nyumba yake na kanisa lile dogo vingali vimesimama, na Waadventista kutoka nchi nyingi huenda kuvitazama.

Ellen White, katika kitabu cha Maandiko ya Awali, alieleza kwamba Miller alikosea alipokataa nuru iliyofuata, lakini Mungu aliuona moyo wake mnyofu, na malaika wanayalinda mavumbi yake mpaka parapanda ya mwisho. Yule binti wa Portland hakumsahau mzee aliyemfundisha kumngoja Yesu.

Wale wachache waliobaki baada ya Oktoba 22, 1844 wangeweza kurudi mashambani wakanyamaza. Badala yake walikumbuka kwamba baada ya uchungu wa kitabu Yohana aliambiwa imempasa kutoa unabii tena juu ya watu wengi. Mwaka 1903 wamishonari walikwea milima ya Upare, katika Tanzania ya leo, na mwaka 1906 wengine walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya. Walileta ujumbe uleule wa Kristo ajaye, bila tarehe. Kila Sabato darasa linapofungua Biblia na kulinganisha fungu na fungu, linaendeleza kazi iliyoanza kwenye meza ya mkulima mmoja.

Miller angali anangoja kaburini. Kwake usingizi huo utakuwa kama kufumba na kufumbua, kisha atamwona yule aliyemtarajia. Walio hai wanangoja wakiwa macho. Siku haijulikani, lakini Bwana ajaye anajulikana, naye anatosha kwa leo.

Maswali ya Kujadili:

1. Miller alikuwa mwangalifu sana katika kujifunza, hata hivyo alikosea juu ya maana ya patakatifu. Hilo linawaonya nini waalimu wa Biblia wa leo? Darasa linawezaje kuwasaidia bila kuwadharau?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuishi tayari na kuishi kwa hofu? Taja mambo ambayo mtu aliye tayari huyafanya katika kazi yake, nyumbani kwake na katika madeni yake.

3. Kiongozi wa kanisa akigundua kwamba alifundisha jambo lisilo sahihi, afanye nini? Mfano wa Miller katika miaka ya 1844 na 1845 unasaidiaje?

4. Wapo washiriki walioacha kanisa kwa sababu jambo walilolitarajia kwa Mungu halikutokea. Panga pamoja na darasa lako kumtembelea mmoja wao juma hili. Mtazungumza naye nini, na mtasikiliza nini kwanza?